Katibu wa Kamati ya Moto

Cornel hakuwa mtu mbaya, na wa kwanza kukuambia hivyo angekuwa yeye mwenyewe. Hakuwa mwizi wala mlevi, mke alikuwa naye mmoja, na kila Jumapili ndiye aliyeongoza sala katika kigango, kwa maana alikuwa katekista. Alikuwa na kipaji kimoja tu cha ajabu. Chochote kikiharibika mbele yake, kabla vumbi halijatulia Cornel alikuwa ameshampata mwenye kosa, na mwenye kosa huyo hakuwa Cornel.

Kipaji hiki alianza nacho mapema. Alizaliwa kwenye kambi ya wakata mkonge karibu na Kilosa, enzi za wakoloni. Akiwa na miaka saba alivunja mtungi wa mama yake, akaeleza kwa ufasaha kwamba njia ya mtoni ndiyo iliyoteleza. Mama yake alimchapa, lakini hata katikati ya kuchapa alijikuta anaitupia ile njia jicho baya.

Mwaka wa sitini na tisa alipata kazi Mikumi, barabara kuu ya kwenda Iringa ilipokuwa ikitengenezwa. Kazi yenyewe ilikuwa kushika bendera ili magari yapishane salama pale palipochimbwa. Siku moja, saa nane mchana, malori mawili yalikutana uso kwa uso katikati ya kipande hicho, na mshika bendera alikuwa amelala kwenye kivuli cha greda. Msimamizi alipomwamsha, Cornel alisema ni tembo. Ametoka mbugani, amesimama barabarani, na yeye amelazimika kujificha.

"Huyo tembo yuko wapi?" aliuliza msimamizi.

"Ameondoka, bwana."

"Na nyayo zake?"

Cornel aliitazama barabara, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mmeishindilia mno, bwana. Haishiki nyayo."

Alifukuzwa siku hiyo hiyo. Hadi anafika Kilosa na kisanduku chake kichwani, alikuwa ameshaamini kabisa kwamba tembo yule alimwonea.

Mkewe, Regina, alikuwa mwanamke wa maneno machache. Hakuzaliwa hivyo, ila maneno yake mengi yaliishia kwenye kujibu mashtaka. Chumvi ikizidi ni Regina, ikipungua ni Regina. Jembe likichomoka mpini, Regina alikuwa ameliegemeza vibaya. Walipata mtoto mmoja tu, Agnesi, na hata hilo Cornel alijua la kusema. Na kila mwaka alipowafundisha watoto wa kigango habari za Adamu, sauti yake ililegea kwa huruma. Alisoma jinsi Adamu alivyomjibu Mungu kwamba ni mwanamke ndiye aliyempa tunda, akafunga kitabu kidole kikiwa ndani, akawauliza: "Semeni kweli, watoto. Alidanganya?" Watoto walijibu hakudanganya. "Basi," alisema Cornel, akaendelea na Kaini.

Halafu ikaja Operesheni, mwaka wa sabini na nne, watu wakatakiwa kuhama makwao na kukaa pamoja katika vijiji. Kwa mtu mwenye kipaji kama cha Cornel, miaka ile ilikuwa neema. Mvua ikikosa, walaumiwe mabeberu. Trekta likifa, ni kupe na wanyonyaji. Mwenyekiti Lukasi, aliyeongoza kijiji, aliilaumu wilaya, wilaya iliulaumu mkoa, na mkoa ulileta barua kusema kijiji hakina mwamko. Lawama ilizunguka kama sahani ya sadaka, kila mmoja akiipitisha kwa jirani bila kutia kitu.

Kijiji chao kipya kiliwekwa kati ya Mvumi na Msowero, na kwa kuwa jina lake lilikuwa bado linajadiliwa wilayani, watu walikiita Namba Saba. Kufikia Oktoba kuta za miti na udongo zilikuwa zimesimama mistari miwili iliyonyooka, lakini nyumba kumi na nne zilikuwa hazijaezekwa. Nyasi zilikuwapo. Tangu Juni kila nyumba ilikata matita thelathini, yakapangwa kwenye lundo moja kubwa kando ya mashamba, kwa sababu kijiji kilikuwa cha ujamaa na nyasi nazo zilikuwa za ujamaa. Kilichobaki kilikuwa kuezeka kabla ya mvua za Novemba.

Sasa, desturi ya kuchoma shamba katika nchi ile ni ya zamani kuliko Operesheni zote. Mtu hachomi peke yake. Kwanza hufyeka ukanda mtupu kulizunguka shamba, upana wa hatua sita. Kisha huita majirani, kila mmoja akaja na tawi bichi la kuzimia, na moto huwashwa jioni upepo ukishalala. Ukimwita jirani leo, kesho naye atakuita wewe, na hapo ndipo desturi ilipomchosha Cornel. Aliona ni afadhali achome lake peke yake kimyakimya kuliko kuzunguka na tawi kwenye mashamba ya watu kumi.

Alhamisi moja, saa saba mchana, upepo ukivuma, alichukua kiberiti kwenye kichanja cha jikoni.

"Baba Agnesi, fyeka kwanza," alisema Regina. "Na watu hujawaita."

"Wewe pika," alijibu Cornel.

Yaliyofuata hayakuchukua muda. Moto ulikula visiki vya Cornel, ukavuka kijia, ukaingia kwenye majani makavu, na dakika chache baadaye lundo la nyasi la kijiji kizima likawa linanguruma. Hapo kipaji kikamwokoa. Kabla mtu mwingine hajatoka nyumbani, Cornel alikuwa ameshakimbia akipiga kelele, "Moto! Moto jamani, tumehujumiwa!" Alikuwa wa kwanza kufika kwenye lundo, na tawi alikuwa nalo. Aliunguza nyusi zote mbili. Jioni, mbele ya majivu, Mwenyekiti Lukasi alimshika mkono na kumwita mzalendo. Watu waliohama makwao kwa amri, wakajenga kuta kwa mikono yao, walikuwa wamesimama pale wakitazama mapaa yao yakipeperuka, na wanawake wengine walilia. Regina alimtazama mumewe. Cornel alitazama majivu.

Kesho yake iliundwa kamati ya watu watatu kutafuta chanzo cha moto. Kwa kuwa alijua kuandika vizuri na alionyesha uchungu, Cornel aliteuliwa kuwa katibu. Nyani haoni kundule, walisema wahenga. Huyu wa Namba Saba walimpa na karatasi na kalamu awakague wenzake.

Kamati ilifanya kazi kwa bidii. Siku ya kwanza ilichunguza mabeberu, ikaona wako mbali. Siku ya pili ikawafikiria wachawi, lakini Chama hakikubali uchawi. Siku ya tatu Simoni, mjumbe aliyekuwa amesinzia siku mbili zilizotangulia, aliamka na kusema, "Si wafugaji huchoma nyika ili nyasi changa ziote?" Cornel alinyanyua kalamu. Kila mtu alijua wafugaji huchoma nyika. Tena mfugaji alikuwapo, mmoja tu, mzee Sempele, Mparakuyo aliyekubali kuhamia pembeni mwa kijiji na ng'ombe wake arobaini. Kamati ikaenda kwenye majivu, ikaona alama za katambuga, viatu vya mpira wa gari anavyovaa Sempele. Ukweli ni kwamba kijiji kizima kilivaa katambuga, kamati pia, lakini hilo halikuingia kwenye ripoti.

Ripoti ilisema Sempele na watu wake wahame ndani ya siku kumi na nne na mifugo yao isinywe tena kwenye kisima cha kijiji. Mwandiko ulikuwa mzuri sana. Nakala ilipelekwa Kilosa ikapigwe chapa, na Jumatatu iliyofuata ofisa wa wilaya angekuja kuisoma mbele ya mkutano.

Kuna jambo moja dogo katibu aliliruka. Tangu mwaka uliotangulia, hata kabla ya wote kuhamia Namba Saba, Agnesi alipougua surua akabaki mifupa, Nairesiae, mke wa mtoto wa Sempele, alileta kibuyu cha maziwa nyumbani kwa Cornel kila baada ya siku moja, na hakuwahi kupokea hata shukrani ya maana. Sasa Nairesiae alikuwa na mimba ya miezi tisa. Kumhamisha wakati ule ilikuwa kumpeleka ajifungulie katika nyika ya Mkata, kwenye jua, maji yakiwa safari ya siku nzima. Cornel alijua. Siku aliyoweka sahihi alikuwa amekunywa maziwa yao asubuhi, na jioni alipokutana na Sempele njiani alipita bila kumwamkia shikamoo, yeye mdogo na yule mkubwa, kwa sababu mtu hamwamkii adui wa kijiji. Kisha hakulala.

Jumamosi alikuja Padre Thadeo na pikipiki yake, kama alivyokuja kila baada ya wiki sita, kuungamisha na kusoma misa. Aliweka vigoda viwili nyuma ya kanisa la miti, na Cornel, kwa heshima ya cheo chake, akawa wa kwanza kupiga magoti.

"Padre, nimekosa," alianza. "Nimeishi na mke mkaidi, ambaye hunitia hasira. Mwenyekiti Lukasi ni mnafiki, nami hulazimika kumchekea. Simoni husinzia kwenye kamati." Akaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, na mwishoni, kwa sauti ya chini, akasema: "Halafu kuna huu moto, Padre. Regina aliacha kiberiti mahali pa wazi. Na upepo siku ile ulikuwa wa ajabu. Majirani nao hawakuja."

"Uliwaita?"

"Wangeona moshi, Padre."

Padre Thadeo alikuwa mtu mnene, mpole, aliyependa karanga, na aliyoyasikia pale asingeweza kumwambia mtu hata kwa kukatwa kichwa. "Cornel," alisema, "nimehesabu. Umeungama dhambi za watu kumi na mmoja, ukimweka na upepo. Mimi sina uwezo wa kumwondolea mtu ambaye hakuja. Nenda ukatafute. Ukipata hata moja ya kwako, hata iwe ndogo, niletee. Nipo mpaka Jumatatu."

Cornel aliondoka ameumia. Miaka minane anafundisha katekisimu, leo ananyimwa maondoleo kama mlevi wa Kilosa stesheni! Hata hivyo alikuwa mtiifu, akatafuta. Alitafuta usiku kucha, na Jumapili baada ya misa alimfuata Padre akiwa na uso unaong'aa.

"Nimeipata, Padre. Kosa langu ni kwamba nawavumilia watu kupita kiasi."

Padre aliomba maji ya kunywa, akayanywa yote, akasema atangoja.

Mchana wa Jumapili hiyo Cornel alikuwa amekaa barazani alipomwona mzee Sempele anakuja, peke yake, fimbo begani. Alijua amekuja kupigana, na akaanza kupanga moyoni nani atalaumiwa.

"Mwalimu," alisema Sempele, kwa maana wote walimwita katekista mwalimu, "ile karatasi yenu imekwisha?"

"Imekwisha," alisema Cornel, macho yakitafuta panga.

"Nimekuja kukusaidia." Sempele aliegemea fimbo yake. "Mlipotaja jina langu nilikasirika siku mbili. Niliwatukana sana, nisamehe. Siku ya tatu nikasema, hasira haina faida. Nikajiuliza, Sempele, wewe siku ile ulikuwa wapi? Ulifanya nini? Nikakumbuka. Asubuhi nilichoma takataka za zizi la ndama, kuna kupe. Nilimwaga maji, nikafukia mchanga. Nilirudi mara mbili, majivu baridi. Mtoto wangu anasema haiwezekani, zizi liko mbali, na upepo ulikuwa unatoka huku kwenu kuja kwetu. Mimi pia naona haiwezekani. Lakini moto ni moto, mwalimu. Sikukaa pale mpaka jioni. Pengine cheche moja iliniponyoka. Siwezi kuapa."

"Sasa unataka nini?" aliuliza Cornel, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa udogo.

"Andika kwamba Sempele anasema labda ni yeye. Nitatoa fahali mmoja, kijiji kiuze kinunue nyasi. Ila nakuomba, huyu binti ajifungue kwanza. Halafu tutahama, bila kelele."

Sempele alingoja kidogo, akaona mwalimu ana mambo mengi, akaaga, akaondoka polepole kwenye jua.

Sitasema Cornel alisikia sauti kutoka mbinguni. Alichosikia ni aibu, ya kweli, ya kwanza maishani, na ilimchoma kuliko moto uliomla nyusi. Yule mzee hakubatizwa, hajui sala hata moja, hajakalia benchi la kanisa hata siku moja, na ametembea maili nzima kutafuta kama ana hatia, ilhali hana. Mwenye hatia, naye, alikuwa ameitafuta katika nyumba zote za Namba Saba isipokuwa moja.

Akabaki barazani mpaka kivuli cha ukuta kikamfikia. Maisha yake yote, jambo likiharibika, alikuwa akijiuliza: ni nani? Na jibu lilikuja upesi, maana watu ni wengi. Sempele alijiuliza jambo jingine kabisa: mimi nilikuwa wapi? Cornel akajaribu kulisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeonja dawa. Cornel, wewe ulikuwa wapi? Nilikuwa shambani. Mkononi ulikuwa na nini? Kiberiti. Ukanda ulifyeka? Sikufyeka. Uliita nani? Sikumwita mtu. Akangoja kidogo, kwa mazoea, tembo apite. Hakupita.

Alikwenda jikoni. Regina alikuwa anachagua mawe kwenye mchele.

"Mama Agnesi," alisema. "Kiberiti nilikichukua mwenyewe. Ulinionya, nikakudharau. Nyasi za watu nimeunguza mimi."

Regina aliweka ungo chini. Cornel alidhani atamkaripia, na kwa mara ya kwanza aliona ana haki. Lakini Regina alifunika uso kwa khanga, mabega yakatikisika, na ilichukua muda Cornel kujua kwamba analia na kucheka kwa pamoja.

"Miaka kumi na tisa," alisema alipopata pumzi. "Miaka kumi na tisa, Baba Agnesi, nimengoja nisikie neno hilo. Hata ungelisema juu ya chumvi!"

Kabla jua halijazama Cornel alikuwa tena kwenye kigoda nyuma ya kanisa. "Padre, moto niliwasha mimi, na nikamsingizia mzee Sempele." Padre alingoja yaliyobaki. "Hakuna zaidi," alisema Cornel. Hapo ndipo Padre Thadeo alipoinua mkono na kumwondolea dhambi. Hakumwambia akaseme hadharani, wala hakumwambia akanyamaze. Alimuuliza tu kesho asubuhi ana shughuli gani.

Mkutano ulifanyika mbele ya ofisi, yaani mbele ya ukuta ambao siku moja ungekuwa ofisi. Ofisa alikuja na Landrova, akakaa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Baada ya salamu nyingi za Chama, zidumu hiki na zidumu kile, Mwenyekiti Lukasi alimwita katibu wa kamati asome ripoti. Sempele alikuwa amesimama nyuma kabisa na watu wake, Nairesiae akiwa amekaa chini, mkono kiunoni.

Cornel alisimama. "Moto," alisema, "niliwasha mimi."

Kisha Simoni akauliza kwa wema, "Cornel, unaumwa?"

"Siumwi. Nilichoma shamba langu mchana, na upepo, bila kufyeka, bila kuita mtu. Mzee Sempele hahusiki."

Wala usidhani walimsifu. Kwanza hawakumwamini. Watu walimjua Cornel, na Cornel waliyemjua hakuwa na uwezo wa tendo kama hilo. Mmoja alisema amelishwa kitu na wafugaji. Mwingine akasema ametishwa. Mwenyekiti Lukasi alimvuta shati na kumnong'oneza, "Unatuharibia sifa ya kijiji bora." Lakini aliyekwama zaidi alikuwa ofisa.

"Ndugu katibu," alisema, akiinua karatasi, "hapa imeandikwa mfugaji. Imepigwa chapa. Nakala nne! Moja iko mkoani."

"Ni ya uongo, mheshimiwa. Niliiandika mwenyewe."

"Imeandikwa vizuri sana."

"Ndiyo, mheshimiwa. Nilijitahidi."

"Una shahidi?"

Huo nao ni mtihani ambao watu wachache wamewahi kupewa. Mtu aliyeponyoka makosa yake miaka arobaini na kitu sasa anatakiwa athibitishe kwamba anayo. Cornel alitazama huku na huku, na kabla hajafungua kinywa, Regina alikuwa amesimama upande wa wanawake. Hakuwahi kusema neno kwenye mkutano tangu nchi ipate uhuru.

"Nilikuwepo," alisema Regina. "Nilimwambia afyeke kwanza. Akaniambia nipike." Akakaa.

Wanawake waliguna wote kwa pamoja, na hapo mkutano ukaamini. Kelele zikaanza sasa, za kweli. Afungwe! Afukuzwe! Apelekwe Kilosa! Cornel alisimama katikati bila kusema neno, akashangaa kwamba bado anapumua. Alikuwa akiikimbia siku hii tangu mtungi wa mama yake, na kumbe ikifika mtu husimama tu. Ofisa alianza kuandika jina lake ili aondoke naye kwenye Landrova, ndipo Mwamvua, mama wa watoto sita na kuta nne zisizo na paa, alipopiga makofi.

"Samahani, mheshimiwa. Mkimchukua, nyasi atakata nani?"

Ofisa alifikiri. Hilo halikuwa kwenye ripoti. Akatoa kalamu, akakata jina la Sempele kwenye karatasi iliyopigwa chapa, moyo ukimuuma kwa ajili ya karatasi, akaandika Cornel juu yake. Ikaamuliwa kwamba mkosaji ataezeka nyumba zote kumi na nne, yake ikiwa ya mwisho, na ukatibu ameupoteza. Sempele na watu wake wabaki, na kisimani wanywe.

Watu walipotawanyika Cornel alimwendea mzee. "Shikamoo," alisema.

"Marahaba," alijibu Sempele, akamtazama muda mrefu. Angeweza kumtukana, na angekuwa na haki. "Umenihangaisha sana, mwalimu. Siku saba sijala vizuri. Lakini fahali wangu amepona." Kesho yake alimwazima punda wawili.

Nyasi nzuri za karibu zilikuwa zimekwisha. Ilibidi kwenda mbali, kwenye mabonde ya Mkata, kutoka alfajiri mpaka saa tisa, Cornel na Regina na punda. Siku zote hizo Namba Saba ilikuwa imepata mtu wa kulaumiwa aliyekubali mwenyewe, na bahati kama hiyo haiachwi bure. Kuku akipotea, Cornel. Redio ya Mwenyekiti ikifa, Cornel. Simoni aliteguka mguu akitoka pombeni, akasema ni kwa sababu ya mawazo juu ya moto wa Cornel. Mwanzoni yule katekista aliukunja uso na ulimi ukamwasha. Kisha akaanza kuyapima anayoambiwa, moja moja. La kwake aliliitikia, "Kweli, hilo ni langu," akaenda kulirekebisha. Lisilo lake aliliacha lipite, na kwa mshangao wake halikumfuata. Kumbe lawama za watu humwogofya sana mtu ambaye hajajihukumu mwenyewe. Zilipoona haogopi, zikapungua. Kufikia wiki ya tatu, wanaume wawili walikuja mabondeni na mundu zao, wakasema wamepita tu.

Nairesiae alijifungua mtoto wa kike, salama, ndani ya boma lao, kisima kikiwa karibu. Maziwa yakarudi. Siku ya kwanza Cornel alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, akasema asante.

Mvua ilianza mchana mmoja mwishoni mwa Novemba, bila kutoa taarifa wilayani. Nyumba kumi na tatu zilikuwa zimeezekwa. Ya kumi na nne ilikuwa yao. Agnesi alipelekwa kwa Mwamvua, penye paa, na Cornel na Regina wakakaa kwenye kona ya nyumba yao chini ya ngozi ya ng'ombe waliyopewa na Sempele, maji yakianguka ndani kama nje, jiko limezimika, unga umelowa.

Regina aliifinya khanga yake. Alimtazama mumewe kwa pembe ya jicho, na midomo yake ilikuwa inataka kucheka.

"Haya, Baba Agnesi. Na hili ni kosa la nani?"

Cornel alifuta uso kwa kiganja. Alitazama juu, pale ambapo paa lingekuwa, akafikiri vizuri kabla ya kujibu.

"Mvua ni ya Mungu," alisema. "Paa ndilo langu."

Regina akamsogelea, akavuta ngozi iwafunike wote wawili.